Karibu ya Mara Moja

Bwana Ndelwa alikubali chai kabla Mwantumu hajamaliza kumkaribisha.

"Ndiyo, tafadhali. Sukari vijiko viwili," alisema, akavuta kiti na kukaa mbele ya kitalu akikikagua kama mtu anayetazama chumba cha kupanga. Mwantumu alimimina huku akijisemea moyoni kwamba watu wa makao makuu hawaoni haya. Birika halijafika mezani, wao wameshanyoosha kikombe.

Kitalu kilikuwa kabati la kioo lenye kimo cha mlango, na ndani yake mlikuwa na mabakuli kumi na mawili. Manne tu yalikuwa na kitu. Katika kila moja ya hayo kulikaa kiunzi cheupe kilichofumwa kwa nyuzi za mwani, na juu ya kiunzi yalikua mafuta ya mwanamke mwenyewe, seli zilizofyonzwa tumboni mwake kwa sindano siku ileile aliyoondolewa titi. Zilitaka siku sabini katika joto la mwili, maji ya lishe kila baada ya saa sita, na mkono wa mtu wa kugeuza bakuli. Mashine za kugeuza zilijaribiwa zamani, zikatoa matiti yaliyolala upande mmoja kama mkate uliotolewa kabla haujaiva. Hapa Kwemlola, juu kwenye milima ya Usambara, mkono huo ulikuwa wa Mwantumu Shemhilu, nesi mkuzaji, na kwa miaka minne hakuwa ameharibu hata bakuli moja.

"Manne," alisema Bwana Ndelwa. Alikuwa mkaguzi wa Mamlaka ya Tishu, amefika jana yake. "Mwaka huu wanawake arobaini na saba wamekatwa titi hapa, na waliosema ndiyo ni wanne. Kule pwani wanaosema ndiyo ni saba katika kila kumi. Foleni yao imefika mwakani."

"Najua."

"Sheria imempa kila mwanamke haki ya kujengewa titi lake bila malipo, awe wa ghorofani au wa bondeni. Lakini kanda isiyofikisha maombi kumi na mawili kwa mwaka hunyang'anywa kitalu. Ungekuwa wewe ungefanyaje, dada? Mabakuli manane yakauke hapa na wenzenu wanalia kule?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mwantumu. Mtu mbaya ungemjibu. Huyu alikunywa chai yake taratibu, kisha akatoa kwenye mkoba karatasi ambayo Mwantumu aliitambua kabla hajasomewa.

"'Wanawake wa milimani wameridhika na miili yao,'" alisoma. "'Titi kwao ni jambo la kulea, na likishapita limepita.' Maneno yako mwenyewe. Nilikuwepo ukumbini ulipoyasema, tulikupigia makofi."

Mwantumu aliyakumbuka makofi. Alikumbuka hata gauni alilovaa siku ile.

Basi shauri lilikuwa limekwisha. Kitalu kingepakiwa Jumamosi pamoja na mabakuli yake manne, na wenyewe wangeyafuata pwani siku zikitimia. Seli za wale arobaini na watatu waliosema hapana, ambazo zilikuwa zimelazwa kwenye jokofu kwa mwaka mmoja kama kanuni inavyotaka, zisingehimili safari. Zingetupwa Ijumaa saa sita mchana. Leo ilikuwa Jumatano. Kazi ya Mwantumu ilikuwa kuwapitia wenye seli nyumbani kwao, kuwasomea tangazo, na kuchukua alama ya kidole gumba.

"Kuwaarifu, si kuwauliza," Bwana Ndelwa alimkumbusha.

Hakuhitaji kukumbushwa. Kuuliza kulikuwa kazi ya Karani, kisanduku cheusi chenye ukubwa wa tofali la sabuni. Mgonjwa alipopata nafuu baada ya upasuaji, Karani aliwekwa mezani, watu wote wakatoka, nesi, daktari, mume na mama mkwe, mlango ukafungwa. Karani akauliza kwa sauti ya mwanamke mpole: *Je, unahitaji kujengewa titi jipya kwa seli zako mwenyewe?* Aliuliza mara moja tu. Hakurudia, hakubembeleza, hakuguna. Kanuni ya Swali Moja ilikuwa msahafu wa kazi yao, na mtumishi aliyeuliza mara ya pili alipewa onyo, aliyeuliza mara ya tatu alisimamishwa kazi palepale.

*

Nyumba ya Bi. Mwajabu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, kwa hiyo Mwantumu alianzia huko.

Bi. Mwajabu alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na moja, na hapakuwa na harusi Kwemlola ambayo hakuishonea. Alimkuta anapiga pindo la sare za shule. Wakasalimiana mpaka salamu zikaisha zenyewe, kisha Mwantumu akasoma tangazo. Bi. Mwajabu alisikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama, hata pale chini paliposema kwamba anayebadili nia afike hospitalini mwenyewe. Akaweka kidole gumba palipotakiwa.

"Haya, mwanangu. Wacheni zitupwe. Sasa njoo ule makande."

"Nimeshiba, Bi. Mwajabu, nimetoka kula."

Hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri.

"Kidogo tu."

"Aa, usijisumbue mama. Kweli nimeshiba."

"Yaani nyumba yangu imekosa hata makande ya kumpa mtoto wa Shemhilu?"

"Haya, basi. Kidogo."

Akaletewa sahani iliyofurika, akaimaliza, akaongezewa, akaimaliza tena. Bi. Mwajabu alimtazama kwa ridhaa, kisha akainama kuokota futi iliyoanguka, na alipoinuka upande wa kushoto wa kifua chake ulikuwa umehamia karibu na kwapa. Hakuona aibu. Alitia mkono kwenye sidiria, akatoa kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kwa ustadi, akakitingisha na kukirudisha mahali pake.

"Mtama," alisema. "Nilianza na choroko. Choroko nzuri, zina uzito wenyewe hasa. Lakini masika ile, na joto la pasi, na jasho langu, wiki haijaisha nikasikia kitu kinanitekenya. Nami niko shughulini, nimekaa na wakwe. Nikajikuna kwa siri. Mwantumu, nilitoa mche."

Mwantumu alicheka mpaka akalazimika kuweka sahani chini. Bi. Mwajabu naye alicheka, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Una majani mawili. Nikawaza, nikiuacha nitavuna. Ndipo nikahamia mtama. Mtama una adabu, haukui bila ruhusa."

Kicheko kilipopungua, Mwantumu alijisikia anauliza jambo ambalo hakupaswa kuliuliza.

"Bi. Mwajabu, kwa nini ulisema hapana?"

Mama yule alilamba uzi na kuutia sindanoni kwanza.

"Ulitaka niseme nini? Kile kisanduku kiliniuliza, nikasema hapana, nashukuru, kama mtu yeyote aliyelelewa. Nikangoja. Kimya. Nikangoja tena, nikakohoa kidogo. Kimya. Nikajua basi, vitu vyenyewe ni vichache, wameona haya kunipita ndiyo wakaniuliza kwa kupitisha tu. Mtu akikukaribisha mara moja, kisha akaendelea kula, si amekwambia uende zako?" Akavuta uzi. "Sikuchukia. Pengine vipo vya kuwatosha wasichana. Mimi nimeshazaa."

Mwantumu alitazama sahani yake tupu. Robo saa iliyopita, na njaa ikimkata, alikuwa amesema hapana mara mbili bila hata kufikiri. Yeye mtoto wa mlima huuhuu, aliyepigwa kofi na bibi yake kwa kupokea muwa wa jirani alipoonyeshwa mara ya kwanza, ndiye aliyesimama mbele ya ukumbi akasema wanawake wa kwao wameridhika. Alisoma vitabu vyote vya kukuza tishu, akasahau jambo ambalo kila mtoto wa Kwemlola analijua kabla ya kuota meno. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Arobaini na watatu. Ni wangapi kati yao waliokohoa kidogo, wakangoja?

*

"Nani alikuruhusu kumuuliza kwa nini?" alisema Bwana Ndelwa.

"Hakuna."

"Hilo lenyewe ni nusu ya swali la pili. Nitajifanya sikulisikia." Alikuwa anahesabu chupa za maji ya lishe kwa ajili ya safari, akaacha. "Endelea."

Mwantumu akamweleza. Alimweleza makande, kukohoa, na vitu kuwa vichache. Mkaguzi alisikiliza kama mtu mwenye akili, bila kukatiza, na alipomaliza aliuliza maswali ya mtu mwenye akili, ambayo ndiyo mabaya zaidi.

"Una hakika wote arobaini na watatu walikuwa wanangoja karibu ya pili?"

"Sina."

"Kwa hiyo wapo waliosema hapana na wakamaanisha hapana."

"Wapo, lazima."

"Na hao ukiwarudia utakuwa umewafanyia nini?" Akasogeza chupa moja pembeni. "Haya, niambie iwe mara ngapi. Mbili? Tatu? Tukiandika tatu, kesho atatokea daktari wa kutwambia kwamba kwao ni tano. Na mume naye atasema mke wake ni wa kubembelezwa mara kumi, ndivyo alivyomwoa. Ile 'moja' haikutoka hewani, dada. Unajua ilikotoka."

Mwantumu alijua kuliko yeye. Ilikuwa imetoka nyumbani kwao. Mama yake mdogo, Mwanahamisi, aliolewa mjini, akakatwa titi enzi zile ambazo kliniki za mjini zilikuwa zinashindana nani ana matiti mazuri zaidi ukutani. Alisema hapana. Daktari akamrudia na picha. Mume akamrudia na ndugu zake. Walimuuliza kwa upole na walimuuliza kwa kununa, mpaka siku moja akasema haya ili wanyamaze. Kazi ilifanyika vizuri, hakuna aliyeweza kuilaumu. Mwanahamisi akaishi miaka kumi na miwili akioga na nguo ya ndani, kwa sababu hakutaka kukigusa kitu alichowekewa kwa ajili ya watu wengine. Ndiye aliyesimama mbele ya tume, akasema neno ambalo baadaye liliandikwa juu ya kanuni: *Nilisema hapana, na hapakuwa na mtu wa kuisikia.* Mwantumu alikwenda kusomea kazi hii kwa sababu ya sentensi hiyo.

"Mlango uko wazi," Bwana Ndelwa aliongeza, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Anayebadili nia aje mwenyewe, aseme kwa kinywa chake. Nitamwandika papo hapo."

"Bwana Ndelwa, mtu aliyekataa wali sebuleni harudi jikoni kuomba ukoko."

Mkaguzi akacheka, kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye chupa zake.

Mwantumu alikaa na mabakuli yake hadi jua likazama, akiyageuza moja baada ya jingine. Alijaribu kumweka mama yake mdogo upande huu na Bi. Mwajabu upande ule, aone mizani itaangukia wapi, lakini haikukubali kutulia. Yule aliulizwa na watu waliokuwa na jibu lao tayari. Huyu aliulizwa na kitu ambacho hakikujali angejibu nini. Wote wawili walisema hapana na hakuna aliyewasikia, ila kanuni ilikuwa imeandikwa kwa sikio la mmoja tu. Akimuuliza Bi. Mwajabu tena, atakuwa amevunja ukuta ambao Mwanahamisi aliujenga kwa maumivu yake. Asipomuuliza, keshokutwa saa sita atafungua jokofu kwa mkono wake mwenyewe.

Alitamani mama yake mdogo angekuwa hai amuulize. Halafu akafikiri kwamba huenda angemjibu hivi tu: wewe unamuuliza kwa ajili ya nani? Kwa hilo angalau alikuwa na jibu.

*

Alhamisi asubuhi alimweka Karani, ambaye bila yeye jibu halihesabiwi, juu ya cherehani, kati ya makasi na kopo la vifungo. Hakumfungia mlango wala hakutoka. Kama angevunja kanuni, angeivunja uso wake ukionekana na jina lake likisikika.

"Leo umekuja na mgeni," alisema Bi. Mwajabu, akikitazama kisanduku pembeni ya jicho.

"Nimekuja kukuuliza tena, mama. Jibu lolote utakalonipa nitalipokea. Ukisema hapana nitanyanyuka, na mapenzi yetu yatabaki yaleyale." Akamtazama usoni. "Je, unahitaji kujengewa titi jipya?"

Bi. Mwajabu hakupata nafasi ya kujibu. Karani aliwasha taa nyekundu, na ile sauti ya mwanamke mpole ikajaa chumba. *Onyo. Mgonjwa huyu amekwisha kuulizwa. Muulizaji ni Mwantumu Shemhilu, nesi mkuzaji. Swali likirudiwa, muulizaji anasimamishwa kazi kuanzia dakika hiyo.*

Mama alishusha nguo aliyoishika.

"Kumbe ndivyo," alisema polepole. "Kumbe ukiniuliza unafukuzwa."

"Hilo ni langu, mama. Jibu la kwako halitaguswa."

"Basi hapana. Umesikia, wewe kisanduku? Hapana, sitaki, nimesema." Akageuka na kuanza kukanyaga cherehani ambayo haikuwa na kitambaa. "Funga hicho kidude urudi kazini kwako. Nimeishi na mtama, nitakufa na mtama. Nani aliyekutuma kuchezea riziki yako kwa ajili ya kizee?"

Hapo ndipo Mwantumu aliposhindwa kujua kama anasikia vizuri. Hapana ya kwanza ilikuwa ya adabu. Hii ya pili ilikuwa ya kumlinda yeye. Lakini je, kama ndani yake kulikuwa na hapana nyingine, ya kweli, na yeye kwa kiburi cha kutubu alikuwa anaikanyaga? Alimtazama mama yule akikanyaga cherehani tupu, mgongo umenyooka, na akaona kwamba mkono wake wa kulia umekwenda wenyewe kifuani kushoto, umetulia pale kama mkono unaomtuliza mtoto.

"Bi. Mwajabu," alisema, "yaani mimi nimekosa hata la kukupa wewe? Nakuuliza mara ya tatu. Unataka?"

Karani alisema alilopaswa kusema. Alitaja jina, akataja tarehe na saa, akasema leseni imefungwa. Hakuna aliyemsikiliza. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Nataka," alisema Bi. Mwajabu.

Alilisema akiwa ameinamisha uso kama aliyekiri wizi. Halafu akauinua.

"Nataka kulala kifudifudi. Nataka nioge bila kutazama ukuta. Miaka thelathini na mitano nimewapima wanawake wa mlima huu vifua vyao, na sasa nikinyoosha futi nageuza macho, naona wivu, mimi mtu mzima. Nina miaka sitini na moja na nataka. Niandikie."

Karani akaandika. Kanuni haikumwadhibu mwanamke kwa kosa la muulizaji. Mwantumu alikuwa analia na hakujizuia.

"Nimekula kazi yako," Bi. Mwajabu alisema.

"Umekula chako, mama."

Kisha fundi akavaa miwani, akafungua kabati lake na kutazama nguo zilizotundikwa humo, moja baada ya nyingine.

"Waliobaki ni wangapi?"

"Siruhusiwi kukuambia chochote."

"Usiniambie jina hata moja. Nani kati yao sijampunguzia gauni? Kila anayekatwa huja kwangu kwa mlango wa nyuma, nimpunguzie upande mmoja, na huniapisha nisiseme." Akajitanda kanga. "Wewe umekatazwa kwa sababu ni nesi. Ndugu zao wamekatazwa. Mimi si nesi wala si ndugu. Mimi ni fundi, nakwenda kuwauliza wateja wangu kama nguo zinawakaa vizuri. Mtu ana haki ya kuniambia kwamba hazimkai."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi, Bwana Ndelwa alimkabidhi Mwantumu barua ya kusimamishwa. Aliikabidhi kwa mikono miwili.

"Nililazimika kusikiliza ile sauti iliyonaswa," alisema. "Kanuni inataka mara moja. Nimeisikiliza mara nne. Karani amezipa hapana zote mbili alama ileile." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Jibu lake nimelipitisha. Sasa ni watano. Haitoshi, dada. Saa sita ni saa sita."

"Naweza kukaa kwenye benchi la nje?"

"Benchi ni la wote. Lakini sasa huna leseni; ukimwambia mgonjwa yeyote neno zaidi ya salamu, jibu lake litafutwa. Hilo unalijua."

Alilijua. Akaenda kukaa.

Walianza kufika saa nne. Mwanzoni wawili, wakiwa wameshikana mikono, kisha wanne, kisha Mwantumu akaacha kuhesabu. Walijaa benchi, wakajaa ukuta, wakajaa ngazi. Wanawake wa miaka thelathini na wa miaka sabini, wamevaa nguo zao za sikukuu, na zote zilikuwa zimepunguzwa upande mmoja kwa ustadi ambao ungelazimika kuujua ili uuone. Mwantumu aliwahudumia wote chumba cha upasuaji, na sasa hakuruhusiwa hata kuwaitikia zaidi ya salamu.

Bi. Mwajabu alikuja nao, akakaa mwisho, kimya, mikono mapajani. Yake alikuwa ameshayafanya.

Wakamkuta Bwana Ndelwa mezani, mlango wazi, Karani mbele yake. Akawakaribisha. Hakuna aliyesogea. Mmoja alieleza kwamba amemsindikiza huyu. Huyu akasema yeye ndiye aliyemsindikiza yule. Yule alikuwa ameleta mayai ya daktari. Wote walikuwa wamewasindikiza wenzao, na hapakuwa na aliyekuja. Saa ya ukutani ilikwenda saa nne na nusu, ikaenda saa tano, ikapita.

Hatimaye mwanamke mmoja aliinuka. Alikuwa Mama Salha, mkulima wa karoti, mrefu, mikono imekauka kwa udongo. Alikuwa amekatwa mwezi wa pili. Akaingia, akasalimia, akaulizia hali ya mkaguzi, na ya nyumbani kwake, na ya watoto wake, na kama baridi ya huku haimsumbui. Bwana Ndelwa akajibu yote. Kisha akauliza alichoruhusiwa kumuuliza mtu yeyote anayeingia ofisini.

"Nikusaidie nini, mama?"

Mama Salha alitazama meza. Alitazama kile kisanduku. Kinywa kilifunguka, na Mwantumu, kule nje, akafunga macho, kwa maana alijua kitakachotoka kama anavyojua jina lake.

"Aa, nimepita tu kuwasalimia."

"Karibu sana," alisema Bwana Ndelwa.

"Nimeshukuru."

Akangoja. Akakohoa kidogo.

Mwantumu alifumbua macho. Mama Salha alikuwa ameanza kugeuka kuelekea mlangoni, taratibu mno, kama anayetoka kwenye nyumba ambayo angependa aitwe arudi. Wanawake wote kwenye benchi walikuwa wanamtazama. Mkaguzi naye alikuwa anamtazama. Alitazama saa, akatazama jokofu, akatazama barua za kusimamisha kazi zilizobaki kwenye mkoba wake, zile zenye nafasi tupu ya kuandika jina la mtumishi. Akazisukuma pembeni.

"Mama," alisema, "hebu rudi ukae. Je, unahitaji kujengewa titi jipya?"

Taa nyekundu ikawaka, na Karani akaanza kulisoma jina lake, jina la baba yake na cheo chake mbele ya watu wote. Bwana Ndelwa akamwacha asome onyo mpaka mwisho, kisha akauliza mara ya tatu.